Inalala Wapi

Kabla sijamruhusu Skola akalale kwa kina Kihwele,
wapukuchue mahindi na wenzake mpaka usiku,
nilivuka mfereji, kandambili mkononi,
ukungu wa Igowole umeshuka hadi magotini mwa mipaini.

Nikakaribishwa kigoda, na ulanzi mtogwa.
Tukaulizana habari za viazi, za mbolea iliyochelewa,
za mama mkwe wake aliyelazwa Mafinga.
Halafu nikauliza:

"Shemeji, ile bunduki yako, inalala wapi?"

Jivu likaporomoka mafigani.
Huku kwetu mtu utamwuliza deni lake,
utamwuliza hata kura yake kampa nani;
bunduki huulizi. Ni kama kumhesabia ng'ombe.

"Juu," akasema, akionyesha kwa kidevu
darini, penye moshi, penye mahindi ya mbegu.
"Nimeificha. Watoto hawajui."

Hawajui!
Skola anajua sukari nilikoificha,
anajua zilipo barua za baba yake,
anajua kuku yupi anatagia kwa jirani.
Mtoto hakui kwa ugali peke yake,
hukua kwa kufunuafunua.

Basi nikamsimulia habari ya bati.

Kwa baba yangu, Lupembe, bati la jikoni lina matundu tisa.
Wageni tuliwaambia: mvua ya mawe.
Tulifundishwa kusema hivyo, mimi na Kalisti,
tukiwa bado tunanuka baruti.
Alikuwa ananionyesha baba anavyomlenga nguruwe pori.
Ikamlemea, akayumba, mdomo ukaelekea juu.
Uzito wake ndio uliotuokoa,
si akili ya mtu yeyote mle ndani.

Mpaka leo ukimwita Kalisti hugeuza shavu la kulia.
Sikio la kushoto lilibaki siku ile.
Baba hakuziba bati. Masika hukinga sufuria.
Kiangazi, saa nne asubuhi, vijua tisa vidogo
hutambaa sakafuni, hupita pale pale niliposimama.

Haikuwa mvua ya mawe, shemeji.
Miaka thelathini naiita mvua ya mawe.
Leo nimechoka.

Sikumwambia aiuze. Nyani wa msitu ule nawajua,
shamba la nusu eka wanalimaliza kabla ya misa ya pili.
Nilisema tu: kuficha si kufunga.
Itolewe marisau jioni ile ile inaporudi shambani.
Ilale ndani ya chuma, na chuma kishikwe na ukuta;
baruti ilale kwingine, na kufuli yake;
na ufunguo, tafadhali,
usining'inie msumarini pamoja na kalenda.

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kufunga mlango.
"Mama Skola, umekuja kunikagua?"

Nikamaliza ulanzi wangu, nikashukuru.
Skola akalala nyumbani, amenuna, kaupa uso ukuta,
na usiku kucha ng'ambo ya mfereji
wenzake wakicheka juu ya magunzi.

Siku nne hatukusalimiana.
Ya tano, jioni, mkewe Onorina akaja kurudisha ungo
ambao sikuwahi kumwazima.
Akasimama mlangoni, akautazama moto,
akauliza kama mtu anayeulizia bei ya nyanya:
"Yule fundi wa kuchomelea, pale karibu na stendi ya Mafinga,
anakuja kupima mwenyewe,
au unaenda na vipimo?"

Akafungua pindo la kanga.
Ndani mlikuwa na uzi wenye mafundo mawili:
urefu wa bunduki,
na shubiri moja ya ziada.