Kisanduku cha Kutia Alama

Dirisha namba tatu, leseni za biashara.
Nimefika saa mbili kasoro, wa kumi na moja kwenye benchi,
vumbi la mninga bado limenikaa kwenye nyusi.
Kijana wa dirishani, Rwechungura, jina liko kifuani,
ananisukumia karatasi:
"Mama, tia alama kwenye kisanduku kinachokuhusu."

Kisanduku.
Miaka kumi na tisa natengeneza masanduku ya watu,
leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa nichague changu.

Duka la dawa. Saluni. Mgahawa. Kusaga nafaka.
Samaki, jumla. Samaki, rejareja.
Samani.
"Weka hapo kwenye samani," anasema,
"wenzako wote wa Igogo wamo humo."
Haya, baba, samani.
Ila kwangu hajarudi mnunuzi
kulalamika kwamba mguu mmoja unacheza.

*Elimu ya mwombaji.*
Darasa la saba, Misungwi.
Mengine hayaenei, nafasi ni fupi kama kidole:
kwamba Nkwabi, mume wangu, alinifundisha kupima kwa kamba,
maana tepu ya chuma hulia ikirudi ndani
na wafiwa hushtuka.
Kwamba kwa kamba hiyohiyo nilimpima yeye,
nikapima tena, nikapima tena,
si kwamba sikujua urefu wake.

*Vifaa vya kuhifadhia ubaridi.*
Hapa nimekaa sana na kalamu.
Mwaka ule kivuko cha Nansio kiliposimama siku mbili
tulikuwa na mzee wa Ukara, hajafika kwao.
Tukaenda Mwaloni kununua barafu, ile ya sangara.
Muuzaji akauliza, koleo mkononi, "Samaki kilo ngapi?"
Binti wa marehemu, Nyangeta, akamjibu,
"Kilo sitini. Na miaka sabini na mmoja."
Yule bwana akajaza magunia manne,
akaongeza la tano,
akatugeuzia mgongo tulipotoa hela.
Sasa hapa niandike barafu? Niandike Mwaloni?
Naandika: *Vipo.*

Cheti cha afya, kipo. Cha zimamoto, kipo.
Namba ya mlipakodi. Mkataba wa pango.
Barua ya mtendaji wa mtaa nayo ipo, imegongwa muhuri,
ingawa aliniomba bango nilishushe kidogo:
wateja wa baa ya jirani wakiliona hawanywi vizuri.

*Saa za kazi.*
Mlango wangu hauna komeo.
Wanaokuja usiku hawapigi hodi kwa sauti,
husimama tu gizani, mpaka mbwa aseme.

*Maneno ya kuvutia wateja, kama yapo.*
Kinyozi wa jirani ameandika "Karibu Tena".
Mimi nimeacha ukuta mweupe.

*Makadirio ya wateja kwa mwaka.*
Hapo, kijana, nimekushinda.
Nikiandika wengi, majirani zangu nawaombea nini?
Nikiandika wachache, utasema nakwepa kodi.

Anasoma. Kidole chake kinashuka mstari kwa mstari,
kinagota penye bei.
"La mtoto hujaandika."
La mtoto siuzi. Linatoka kwenye vipande vinavyobaki.
"Sheria inataka risiti kwa kila kinachotoka dukani."
Basi sheria ije ikate yenyewe,
imwandikie mama yake jina,
imhesabie chenji.

Kimya. Pangaboi linazunguka bila upepo.
Nyuma yangu mtu wa saluni anakohoa.
Kijana anachukua kalamu, penye bei ya la mtoto
anachora mstari mmoja mfupi, ulionyooka,
kisha anainua muhuri.

"Alhamisi, mama. Picha mbili, na risiti ya benki."
Nakusanya karatasi zangu.
"Karibu tena," anasema, kwa mazoea,
halafu anajishika mdomo.

Nimecheka mpaka nje, mpaka kwenye mawe,
ziwa likinimetameta usoni.
Kisha simu ikaita, namba nisiyoijua,
na mtu upande wa pili hasemi,
anapumua tu.
"Nipo," nikamwambia. "Usiharakishe. Nipo."