Ameondoka

Wiki ya tatu ya kafyu nilijifunza kulala
na simu juu ya kifua.
Ikitetemeka, natetemeka.
Saa nane usiku: jifukize kwa majani ya mkaratusi.
Saa nane na dakika nne: usijifukize, mvuke unaunguza mapafu.
Asubuhi ndimu zimepanda bei mara tatu Kaptembwo nzima
na mama wa genge hajui amshukuru nani.

Nilimwona Jerono, tuliyekaa dawati moja,
akioka mkate wa ndizi kule Milimani.
Mkate umekatwa, umepangwa, umepigwa picha dirishani.
"Tushukuru kwa muda huu wa kupumzika."
Mimi hoteli ilinipumzisha kwa ujumbe wa mistari miwili.
Nikabonyeza moyo mwekundu
kwa kidole kinachonuka kitunguu na sabuni ya kipande,
kisha nikawafokea watoto wanaoruka kamba
ndani ya futi kumi kwa kumi
kwa sababu mtu fulani, sijui nani, amesema mazoezi ni kinga.

Sasa nifike kwa Ombasa. Nimekuwa nikimzungukazunguka.

Ombasa, fundi wa friji, mlango wa saba,
alikohoa kwenye ngazi.
Alikohoa moshi wa jiko la Mama Sila,
lakini Mei ile hapakuwa na kikohozi cha moshi.
Gari jeupe likasimama getini. Lilikuwa la maziwa.
Picha ikapigwa kutoka orofani, taa za nyuma zikiwaka.
Aliyeandika "wamemchukua" simjui.
Aliyeongeza "hakufika" ni mimi.
Niliongeza kwa huruma, naapa;
niliweka na viganja viwili vinavyoomba.

Ploti nzima ikalia bila kufungua mlango,
nyuso za manjano, safu kwa safu, zikibubujika.
Mweka hazina akaanzisha orodha:
1. Lagat, mia mbili
2. Mama Sila, hamsini
3. Baba Pacha, nitatuma kesho
Mimi nilikuwa wa sita. Mia moja, ya unga.

Saa mbili na robo stima iliporudi
Ombasa alichomeka simu chumbani mwake,
hatua nane kutoka kitanda changu,
akasoma alivyokuwa mtu mwema.
Nilimsikia kupitia mbao: kwanza kicheko,
kisha kimya,
kisha kikohozi kilekile, safari hii kimezibwa kwa mto.

Akaandika: "Niko hapa. Asanteni kwa mia mbili."

Hakuna aliyejibu. Alama za samawati tu, mbilimbili,
kama macho nyuma ya pazia.
Halafu maandishi madogo ya kijivu, katikati ya kioo:
Ombasa ameondoka.

Ndivyo simu inavyosema mtu akitoka kundini.
Ndivyo mama alivyotuambia, tukiwa tumepangwa mkekani,
siku baba hakuamka.

Lagat aliomba mia mbili zake kabla ya saa tatu.

Mimi nilivaa barakoa, nikatoka,
mkononi ndimu mbili za ile bei mbaya.
Taa yake ilikuwa ingali inawaka chini ya mlango.
Nilikunja ngumi nibishe.
Nikaziweka kizingitini, moja ikabingirika hadi kwenye mfereji,
nikarudi kitandani upesi, nikashika simu
nione kama kuna mtu ameniona.