Thelathini na Moja kwa Mia

Jumapili ile, Gorna Vishna, tulipiga kila kitu.
Tulipiga pasi, tukapiga miayo,
Tsvetanka akapiga deki duka lake la mkate mara mbili,
Asparuh akapiga simu Stuttgart, dakika arobaini,
kumsikiliza mjukuu akinong'ona Kijerumani.
Kura hatukupiga.

Najua. Mimi ndiye niliyekaa na daftari,
kituo cha kumi na nne, ukumbi wa mazoezi wa shule,
chini ya kamba za kupandia na bango la meno safi,
saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku,
rula mkononi,
kalamu imefungwa uzi mezani asije mtu akaondoka nayo.
Hakuja hata mwizi.

Waliopiga debe mwezi mzima,
kwa vipaza sauti, kwa kalenda na kofia za bure,
walituapia kwamba safari hii litafurika.
Debe tupu haliachi kuvuma, husemwa.
Langu lilikuwa tupu hadi adhuhuri
na halikuvuma.
Nililigonga kwa kidole;
likaitika kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

Saa nane akaja Bibi Penka, miaka themanini na saba,
ngazi kumi na tisa, akipumzika kila ya tatu,
kavaa viatu alivyonunua kwa harusi ya bintiye.
Alikaa sana nyuma ya pazia.
Kisha sauti: "Nikunje mara ngapi?"
Mara mbili, bibi.
Akakunja mara nne,
kama barua ya mtu asiyemwamini tarishi.

Usiku runinga ikatoa namba.
Thelathini na moja kwa mia ndio waliojitokeza,
na mshindi kapata nusu yao na ushei.
Akasimama katikati ya vikaratasi vya rangi vinavyodondoka,
akasema: "Taifa limenena."

Taifa lilinena Jumatatu,
kwenye foleni ya mkate.

"Wameiba!" alisema Asparuh.
"Afadhali huyu kuliko yule wa masharubu," Tsvetanka,
akihesabu chenji.
"Mshindi ni kochi," alisema Ognyan, mwalimu wa fizikia,
watu wakacheka, naye akacheka, kisha akaangalia viatu vyake.
Ningekwenda, lakini goti.
Ningekwenda, ila mbwa alikuwa anazaa.
Wote ni wale wale.
Hawa vijana wameondoka, wamwachie nani nchi?
Na banitsa imepanda bei tena, mmeona?

Radostina wa duka la dawa hakusema neno.
Macho mekundu, kucha zimepasuka kwa baridi.
Alikuwa amegonga milango mia mbili kwenye theluji
kwa ajili ya yule aliyeshindwa.
Alipofika kwangu nilimpa chai, ahadi sikumpa.
Alinunua mkate mmoja, akausahau juu ya kaunta,
na hakuna aliyemwita.

Nami nilinyamaza.
Kura ni siri, nimekula kiapo.
Lakini weupe ulio mbele ya jina nao je, ni siri?
Niliuona wa kila mmoja katika foleni ile,
nikasogea hatua moja, nikaomba mkate wa shayiri.

Mstari wa mia mbili na kumi na mbili: Rangel, mume wangu.
Tulimzika Februari. Daftari halijaambiwa.
Niliweka rula chini ya jina lake, kwa mazoea,
nikasubiri kidogo.
Katika wote wasiokuja,
yeye peke yake ana udhuru.

Mstari wa mia mbili na kumi na tatu ni wangu.
Nilitia sahihi dakika mbili kabla ya kufunga,
nikaingia nyuma ya pazia na majina kumi na saba.
Miaka thelathini nilikuwa nikimuuliza Rangel anampa nani
ili nimpe mwingine.
Sasa sikuwa na wa kumbishia.

Nikaweka alama.
Nikakunja mara mbili, kama sheria inavyotaka,
kisha mara mbili tena.