Kiambatisho B

Jumatano, saa nne asubuhi, mjini Görlitz,
theluji imekuwa tope kizingitini kwa wakili
nami nimekuja na bahasha ya kaki
iliyowahi kubeba eksirei ya goti langu.
Ndani: cheti cha talaka, changu;
nakala ya hati ya nyumba, yenye muhuri;
taarifa ya benki yenye doa la kahawa
nililojaribu kulifuta kwa mate.

Watoto ndio walioanza.
"Mama, mali bila daftari..." alisema Doreen kwenye simu,
akaiacha methali hapo, mguu mmoja juu,
ili mimi mwenyewe niitue.

Basi siku tatu nilikaa mezani na kalamu.
Nyumba. Chini yake, karakana ya viatu ya baba.
Cherehani ya soli, ya mwaka sitini na nane,
ing'atayo uzi kila ikifika kisiginoni.
Vijiko vya fedha, kumi na viwili.
Nikahesabu tena.
Kimoja kilimfuata mume wa kwanza hadi Leipzig,
sijui kwa bahati mbaya au kwa hasira.
Nikakata. Nikaandika kumi na kimoja.

Wiesław amevuka daraja kwa miguu,
dakika saba kutoka upande wa Poland,
kofia mkononi, karatasi moja mfukoni
iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kama kiberiti.
Kiambatisho B:
mizinga tisa ya nyuki;
gari la mizigo, injini nzima, mlango wa kulia haufunguki;
kiwanja nyuma ya reli, mitofaa sita;
na chini kabisa, kwa mwandiko wa kunong'ona,
deni: euro elfu kumi na moja na mia nne,
mazishi ya Halina, pamoja na jiwe.

Miaka minne tumekunywa supu moja kila Jumapili.
Najua bega analolilalia.
Najua chafya zake huja tatu tatu.
Sikujua kwamba kila tarehe tano
humlipa fundi wa makaburi
kabla hajanunua mkate.

Sheria ya hapa haitaki tusome wenyewe.
Bwana Kretschmer lazima asome kila neno kwa sauti,
naye husoma kama mtu anayekimbia mvua.
Nyuma yake Bi Jolanta, mkalimani, anaokota maneno,
anayapangusa, anamkabidhi Wiesław moja moja.
"Kila upande utabaki na chake,"
na Wiesław anatazama dirishani, kule kwenye mto,
anaitikia kwa kichwa:
ndivyo ilivyo.

Kifungu cha saba.
Mke hatawajibika kwa madeni ya mume
yaliyotangulia ndoa.
Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.
Je, nusu ya lile jiwe haiwezi kuhamia kwangu?
Bwana Kretschmer akavua miwani.
Bi Jolanta alikuwa bado anavuta pumzi atafsiri
Wiesław aliposema "Hapana"
kwa Kijerumani chake kibovu, ngeli zote zimepinda.
"Hilo langu. Namaliza mimi."

Sikubisha.
Nilitazama viatu vyake: soli nilizomshonea Oktoba,
zimeshika vizuri, isipokuwa ncha ya kushoto.
Masomo yakaendelea. Mizinga. Mitofaa.
Kama mlango wa gari ni sehemu ya gari.

Mwisho, kalamu.
"Kabla ya sahihi," akasema Bwana Kretschmer,
"ukurasa wa pili, kwenye vijiko, pamekatwa.
Palipokatwa, wote wawili waweke herufi za majina yao,
isije ikadhaniwa mtu amechezea karatasi baadaye."
Nikaweka zangu.
Wiesław akauliza kwa mkalimani pamekatwa nini.
Akaambiwa.
Akainama karibu kabisa na meza,
na kando ya kijiko kilichokwenda Leipzig
akaandika W na K,
polepole, kwa mwandiko ule ule mdogo,
kisha akapuliza wino ukauke.