Ilikuwa Inanung'unika

Kilo kumi na moja za chuma, rangi ya maziwa yaliyolala,
nimeishusha kutoka juu ya kabati
nikiikumbatia kama mtoto aliyezimia.
Mama amegeuza kiti kielekee mezani.
Hasemi kitu. Upande wake wa kushoto haumsikii tangu Februari,
na wa kulia umeamua kununa.

Skrubu nne chini ya tumbo.
Tatu zilikubali. Ya nne ilikuwa imeota kutu kichwani;
nikaimwagia mafuta taa, nikaiacha usiku kucha
kama anavyoachwa mtu mkaidi apoe.
Asubuhi, robo mzunguko,
kilio chembamba,
ikaja.

Ndani, grisi imegeuka sukari guru.
Nimeichokoa kwa kijiko cha chai, kwa mswaki mzee,
kwa kijiti cha mshikaki,
na chini yake, kwenye kona isiyowahi kufikiwa na kitambaa,
unga.
Unga wa ngano, konzi nzima, umeshikamana na gia,
na bado (nimeunusa mara mbili)
una kungumanga.

Ni wa keki ya nani?
Ya akina Ondiek wa ghorofa ya pili, waliolipa nusu wakahama?
Ya ubatizo wa mapacha wa Kemunto?
Au ile ya dada yangu Mumbua, ya usiku ule
mota ilipotoa moshi saa nane,
mama akachukua mwiko, akakoroga mayai arobaini kwa mkono
hadi taa za Barabara ya Rabai zikazimika,
na keki ikaumuka,
na bega lake halikurudi tena mahali pake?
Sikuutupa. Umo kwenye kikopo cha hamira, nyuma ya chumvi.

Luthuli, fundi aliitazama picha kwenye simu yangu
akacheka kwa upole wa daktari:
"Hiyo ni ya enzi za babu. Chukua hii ya plastiki, ina waranti."
Nikashuka Grogan, kwa wauza spea za magari,
na huko Kisilu, mikono myeusi hadi viwiko,
hakuuliza ni ya nini. Alipima makaa ya mota kwa ukucha,
akatafuta ya stata ya lori,
akayasugua kwenye saruji, akapima, akasugua,
akapima.
"Mia mbili. Yakikataa yarudishe. Yakikubali niletee keki."

Jumamosi. Tokeni za stima zimebaki kumi na nne.
Nimebonyeza swichi kwa kidole kimoja,
mguu mmoja ukiwa tayari kukimbia.
Ikazunguka. Laini, kimya, kama kitu kilichonunuliwa jana.
Nikamtazama mama nikingoja kusifiwa,
mimi, mwenye miaka arobaini na sita.

Akatikisa kichwa.
"Siyo yenyewe," maneno yakitokea pembeni mwa mdomo.
"Yangu ilikuwa inanung'unika."

Nilidhani ni ugonjwa unaosema. Nikazima.
Nikamenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.
Kisha nikakumbuka chumba kile kimoja cha Jericho,
sisi nyuma ya pazia, wanne kitanda kimoja,
na ng'ambo ya pazia ule mlio wa kokoto, krr, krr,
tukalala tukijua karo inasagwa.

Nikachukua bisibisi.
Ile skrubu ya nne, ile mkaidi,
ambayo kumbe miaka yote haikuwahi kukazwa hadi mwisho,
nikairudisha nyuma robo mzunguko.

Krr, ikasema.
Mkono wa kulia wa mama ukaanza kupiga goti,
polepole, kama mtu anayehesabu mayai.

"Siagi," akasema,
"umeitoa friji saa ngapi?"

Sikuwa nimeitoa.