Jicho la Msasa

Asubuhi ya Juni, Iyunga. Mlima Loleza hauonekani
na bomba la karakana linatoa maji ya kukata vidole.
Fundi Asubisye kanipa ndoo, msasa na amri fupi:
"Kwangua mpaka chuma. Mnunuzi anataka nyekundu."

Mnunuzi simjui. Waliomtangulia hakuna awajuaye:
faili la kichwa hiki cha treni mchwa wamelisoma kabla yetu,
wakatuachia jalada na pini mbili zenye kutu.
Kichwa kikisahau, ngozi hukumbuka.
Basi nauliza ubavu.

Chini ya kitasa cha mlango nasugua kiduara
polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso.
Njano inaachia kwanza, ya kampuni ya kokoto,
laini, ya kupulizwa, haina mkono wa mtu.
Kisha kijivu, sijui cha nani.
Kisha kijani cha kiwanda cha karatasi.
Asubisye anapita, anabisha: "Cha saruji hicho."
Anabisha hata tarehe ya mshahara.

Kati ya kijani na buluu kuna mstari mweusi,
mwembamba kuliko uzi: masizi, vumbi, masika matatu au manne.
Hiyo si rangi ya mtu.
Ni miaka kilipotelekezwa kwenye reli ya pembeni,
nyasi zikapenya kati ya magurudumu,
kuku wa mlinzi wakataga chini ya kiti cha dereva.

Na ndani ya buluu, unywele.
Unywele wa brashi, umepinda, umelala
pale uliponaswa rangi ikiwa mbichi.
Kando yake tone liliteremka, likaganda
kabla ya kuifikia ribiti.
Aliyepaka alikuwa na haraka. Au aliitwa kula.
Au alikuwa baba,
ambaye dirisha letu la Mwanjelwa alilipaka vivyo hivyo,
likabaki na machozi ya buluu hadi leo,
mama akimwambia, "Mwasile, hata kufuta huwezi?"
Hakutuambia kamwe rangi ile aliitoa wapi.

Nilikuwa natafuta wenye mali.
Wenye mali hawashiki brashi.

Chini ya buluu kuna rangi ya msingi, kama udongo wa Tukuyu,
na chini yake chuma chenyewe, cheupe, baridi,
hakijui kwamba kiliwahi kuuzwa.

Nasikia viatu vya Asubisye. Nafunika kiduara kwa kiganja,
kisha kwa kipande cha gundi ya karatasi,
na jioni nyekundu inapita juu yake kama inavyopita kwingine.
Kitabaki kivimbe kidogo chini ya kitasa.
Dereva atadhani kutu.

Nimerudi nyumbani na unga wa buluu chini ya kucha.
Nimesimama dirishani, nimeinua kidole
kando ya fremu,
umeme umekatika.
Mama anauliza gizani natafuta nini.