Herufi Moja

Sinza, saa tisa usiku. Luku imebaki robo uniti.
Ndani ya kompyuta yangu isiyo na betri
kuna kompyuta nyingine, isiyokuwapo:
inawaka, inajikwaa, inazimika, inawaka.
Mara arobaini na moja imekufa
bila hata kunuka moshi.

Naisimamisha katikati ya pumzi.
Amri moja. Natazama rejista. Amri nyingine.
Sikudhani anaguna kitandani:
"Bado tu na hicho kiini chako?"

Bado.
Hadi naona: rundo hukua kwenda chini,
nami nimeliwekea mwanzo sakafuni.
Nani huchimba kisima kuanzia chini?

Narekebisha tarakimu mbili.
Kwenye skrini nyeusi inachomoza K,
peke yake, haifuatwi na kitu.

Nageuka nimwamshe.
Luku inakata.
Gizani naisoma kwa sauti:
K.